Birika la Chumba cha Baridi

Siku subira yangu ilipoisha naikumbuka vizuri, mwanangu Priska, kwa sababu ilikuwa siku yako. Iliishia kanisani, mbele ya padri. Ulikuwa umevaa gauni jeupe alilokushonea bibi yako mzaa baba kule Majita, na mimi nilikuwa nimesukwa nywele za siku hiyo mpaka kichwa kinaniuma. Baba yako alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya kiwanda cha samaki. Alikuja na magambuti yake, shati amelifunga vifungo kombo, na harufu ya gongo ikamtangulia kuingia. Nikajiambia, vumilia Skola, hii ni ibada.

Padri akamgeukia yeye kwanza.

“Mnampa mtoto huyu jina gani?”

Baba yako akakaza kifua kama mtu aliyeitwa na msimamizi wake, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

“Sangara, daraja la kwanza!”

Kanisa zima likacheka. Padri aliinamia kitabu chake, lakini niliyaona mabega yake yakitikisika. Ndiyo maana mama zako wadogo wanakuita Sangara, na wewe unaitika bila kujua jina limeanzia wapi. Sasa umejua. Mimi sikucheka. Nilikupokonya mikononi mwake nikasema, “Anaitwa Priska,” kisha nikamwambia yeye pale pale, maji ya ubatizo hayajakauka kichwani mwako, “Na wewe usikanyage kwangu leo.”

Unaweza kushangaa kwamba ni mimi ninayekupa nasaha. Hii ni kazi ya wazee, na mimi bado namnyonyesha mdogo wako. Hata fimbo ya kuegemea sina. Tena hasira zangu bado ziko pale pale, sitakudanganya kwamba zimepoa. Ila nilichoambiwa na bibi yako sitaki kikae kichwani mwangu peke yangu, kwa hiyo nakiandika wakati bado nakikumbuka sawasawa.

Tulikuwa tumepanga chumba Nyakato, Mwanza, karibu na viwanda. Tuliporudi kutoka kanisani nilizitupa nguo za baba yako nje, moja moja, juu ya lile jiwe kubwa la uani tunaloanikia dagaa. Yeye aliketi kando ya jiwe akizitazama zinavyoshuka. Baba yako hajawahi kuninyanyulia mkono, na nataka ulijue hilo mapema, maana angeninyanyulia ningeshaondoka na wewe mgongoni, na nasaha hii ingekuwa nyingine kabisa. Kosa lake lilikuwa kunywa. Alikunywa mpaka akawa anapita nyumbani kama mgeni.

Jirani yetu Mama Shija, Msukuma mmoja asiyejua kunong'ona, akachungulia mlangoni kwake.

“Mama Sangara! Leo umefungua mitumba?”

“Chukua, shemeji yako nakupa na nguo zake.”

“Wa kwangu ananitosha, huyo baki naye!”

Watu wakacheka tena. Siku hiyo nilichekwa kanisani, nikachekwa na uani. Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikachukua karatasi na kalamu. Nilimaliza kidato cha nne, mwanangu, barua ya kiserikali naijua. Niliandika kwa ofisi ya kata kwamba Magesa ni mlevi sugu, hatunzi familia, amenidhalilisha hadharani, na naomba aondolewe katika nyumba ninayoishi na asinikaribie mimi wala mtoto. Nilipomaliza nikamsomea bibi yako kwa sauti. Alikuwa ameshukia Igoma siku mbili tatu kabla, kwa basi la Musoma, amekuja kwa ajili ya ubatizo. Nilimsomea makusudi. Nilitaka anijibu ili nimpe na yeye fungu lake.

Alisikiliza mpaka mwisho, huku anakubembeleza magotini.

“Umeandika vizuri,” akasema. “Umeandika anavyokunywa. Na alianza lini, umeandika?”

“Mama, mlevi anaanza lini? Si alianza tu.”

“Asubuhi anakunywa kabla ya kazi, au baada?”

Nikawa sijui. Nimelala na mtu huyo kitanda kimoja, nimemfulia, nimemtukana kila alfajiri, na nilikuwa sijui. Hilo lilinikasirisha zaidi.

“Unamtetea kwa sababu umemzaa.”

“Nimemzaa, ndiyo,” akasema. “Na baba yake nilimzika kwa pombe hiyo hiyo. Nilimtukana mpaka asubuhi aliyokufa. Wewe unafikiri una matusi? Niliyokuwa nayo mimi yangejaza ngalawa. Sikuwahi kumuuliza kinachomuuma. Nilikuja kukisikia kwa watu, msibani, wakati yeye amelala kwenye jeneza.”

Mtu akikuambia jambo kama hilo huwezi kumrukia.

Kisha akatoka nje, akamwita mwanaye. Hakumgombeza. Alimkalisha karibu na jiko la mkaa, akamkorogea uji wa ulezi mzito, akamshikisha kikombe. Nilitaka kusema kitu, akaninyooshea kidole. Kwao, mwanamume akitoka ziwani alfajiri na nguo zimeloa, haulizwi neno lolote mpaka moto umemshika na uji umeshuka tumboni. Hata kama nyavu zimepotea. Hata kama amerudi peke yake na walikwenda wawili. Mwanamke anayeanza kuuliza kabla ya hapo husemwa kijiji kizima. Mimi nilikulia mjini, desturi hiyo niliiona siku ile kwa mara ya kwanza, na niliiona kama upuuzi. Mlevi anapewa uji!

Alipomaliza kunywa, bibi yako akaichukua mikono yake akaigeuza juu.

“Mama Priska, njoo ushike.”

“Sitaki.”

“Njoo ushike, nimesema.”

Nikashika. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe na ngumu, ngozi imepasuka kandokando ya kucha. Bibi yako alikibonyeza kidole kimoja kwa ukucha wake mpaka kikaacha alama, na baba yako hakushtuka.

“Mtoto huyu alikuwa anashona nyavu taa ikiwa imezimwa, kwa kupapasa tu,” akasema bibi yako, sauti yake imebadilika. “Magesa. Baridi hii umeitoa wapi?”

“Kazini, mama.”

“Na pombe?”

Baba yako akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akainamisha kichwa. “Huko huko.” Tulipombana akasema akifungua mdomo hataitwa tena getini, na akikosa kuitwa, Priska atakula nini.

Hapo nikueleze kidogo, kwa sababu ninyi mtakua mkidhani mambo yalikuwa hivi siku zote. Nilipoolewa, baba yako alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Alikuwa na kitambulisho, na ovaroli lenye jina lake kifuani. Kikaja kipindi cha kupunguza watu, wakapunguzwa, yeye na wenzake wengi, wakaambiwa sasa ni soko huria kila mtu ajitafutie. Ovaroli akalirudisha. Viwanda vya samaki ndivyo vilikuwa vinafunguliwa kando ya ziwa wakati huo. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunauziwa mapanki, yale mafupa yenye kichwa. Akaenda kuwa kibarua. Kila asubuhi unasimama getini na msimamizi anaonyesha kidole: wewe, wewe, na wewe. Asiyeonyeshwa anarudi nyumbani. Mtu aliyekuwa na jina kifuani akawa “wewe.” Alinihadithia hilo mara moja, na mimi nikamjibu kwamba afadhali “wewe” anayeleta unga. Nililisema kwa mzaha. Hakulirudia tena.

“Barua yako iweke,” bibi yako akaniambia. “Nenda kwanza ukaone anapofanyia kazi. Ukirudi na bado unataka kuipeleka, nitakusindikiza mimi mwenyewe, na nitasema mbele ya mtendaji kwamba mwanangu hafai.”

Hayo yalikuwa maagano yetu. Kama ningerudi vilevile nilivyokwenda, ungekua bila baba.

Mama Shija alikuwa kibarua wa kukata minofu katika kiwanda kile kile. Kesho yake nikasimama naye kwenye foleni ya wanawake, nimejifunga kitambaa kichwani, na kidole kikaniangukia. Nikapewa kanzu nyeupe na kisu. Nilikata sangara mpaka mgongo ukawaka moto. Ilipokaribia saa nne Mama Shija akanisukumia toroli lililojaa masanduku.

“Peleka kule kwenye mlango mkubwa wa bati. Ukiulizwa sema umetumwa na mimi. Na usikae, utakauka.”

Mlango ulipofunguliwa ukungu ukanipiga usoni. Ndani wanaume walikuwa wanapanga masanduku ya minofu iliyoganda kama matofali. Wamevaa masweta ya mitumba. Mikononi wamejifunga mifuko ya plastiki kwa kamba za katani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na koti. Nilikaa pale kwa muda mfupi tu na tayari meno yalikuwa yanagongana. Wao walikuwa wanakaa zamu nzima.

Akaingia msimamizi, mtu mzima mwenye koti zito jekundu lililofika magotini. Koti lilikuwepo, mwanangu. Moja. Mkononi ameshika birika la aluminiamu na kikombe cha bati.

“Haya, dawa ya baridi! Nani hajapata?”

Wakajipanga. Harufu niliijua kabla hajamimina. Mzee mmoja, Hamisi, mwenye baraghashia chini ya kofia ya sufu, akasema kwa upole, “Mkuu, mimi nilishakuambia situmii.”

“Hutumii? Basi tetemeka taratibu, usiniangushie masanduku. Ukiangusha, geti unalijua.”

Mzee Hamisi alikitazama kile kikombe. Aliutazama na mlango. Sitaisahau sura yake. Akapokea, akafumba macho, akanywa kama mtu anayemeza dawa ya minyoo, na wenzake wakageukia ukutani ili wasimwone.

Nilikuwa nimemuuliza bibi yako mlevi anaanza lini. Nikamwona anaanza.

Baba yako alikuwa wa mwisho. Alikishika kikombe kwa viganja vyote viwili, kama wewe ulivyokuwa unashika chako, kwa sababu vidole havikunjiki. Akanywa, akanyanyua macho, akaniona.

“Skola! Umefuata nini huku?”

“Nimekuja kuona.”

“Basi umeona. Nenda, utapata homa.” Na kabla sijasema neno akavua sweta lake, lile moja alilokuwa nalo, akanivisha juu ya kanzu. Akabaki na shati kombo la jana, katika baridi ile, akanisukuma nje taratibu kwa bega.

Nilifika nyumbani nikaichukua ile barua ya ofisi ya kata nikaiwashia jiko. Bibi yako aliniona, akabandika sufuria ya uji.

Usidhani baada ya hapo mambo yakawa mazuri. Nilidhani kwa kuwa nimeelewa, pombe nayo imeelewa. Baba yako alijaribu kuacha kwa mara moja, tukamshangilia, na siku ya pili akaanza kutokwa jasho, kutetemeka mwili mzima na kuzungumza na watu ambao hawapo. Bibi yako alitaka tumfungie ndani mpaka ipite. Mimi nikakataa, tukamkimbiza zahanati. Mganga alitugombeza kidogo, akasema mtu aliyezoea kunywa kila siku mwili wake ukinyimwa ghafla unaweza hata kumuua, kwa hiyo asimamiwe na watu wa tiba. Walimlaza, wakampa dawa, wakampunguza pole pole. Kumbe kutetemeka kwake kwa kila asubuhi, nilikokuita aibu, kulikuwa ugonjwa unaodai chakula chake.

Alipotoka alianguka tena, mara moja. Alirudi nyumbani ananuka na mimi kinywa kikajaa maneno. Bibi yako akanitazama tu. Nikachota uji. Alipomaliza nikamuuliza, “Leo ilikuwa nini?” Akasema amekutana na mwenzake wa kiwanda cha nguo anauza sigara mojamoja stendi, na wote wawili walijifanya hawajuani. Tukalizungumza hilo hadi tukachoka. Kesho yake hakunywa.

Sasa, hasira zangu mimi zilikwenda wapi? Hazikwenda popote. Nilizielekeza zinapostahili. Niliandika barua nyingine, safari hii kwa ofisi ya kazi. Na Mama Shija, yule asiyejua kunong'ona, alifanya kitu ambacho sikumwomba. Siku moja alitoka kiwandani na ndoo ya mapanki kichwani, akamsalimia mlinzi kwa kelele zake zote, akaja mpaka kwangu akaitua. Chini ya vichwa vya sangara kulikuwa na birika, na mdomo wake ameuziba kwa tambara.

“Bado limejaa,” akasema. “Wewe si msomi? Lisomee.”

Nilikwenda nalo mjini, ofisi ya kazi, wewe mgongoni. Karani wa pale mapokezi aliponiona akacheka.

“Mama, leo umetuletea chai?”

“Nusa.”

Akanusa, akapiga chafya mbili. Akaisoma barua, akainua nyusi.

“Kwa hiyo unashtaki baridi?”

“Namshtaki mwenye koti jekundu,” nikamwambia. “Baridi haina mshahara.”

Alitaka kucheka tena akaniona sichezi. Akaenda kumwita mkubwa wake.

Ofisa alikwenda kiwandani, si siku hiyo wala wiki hiyo. Katikati hapo baba yako hakuitwa getini, na Mama Shija naye aliachwa nje muda, na nilikaa nikijiuliza kama nimewaponza watu wote. Halafu asubuhi moja nikasikia kelele za Mama Shija kutoka barabarani, kabla hata hajafika uani:

“Mama Sangara! Mama Sangara! Wamevalishwa! Makoti, na glavu, na soksi! Mzee Hamisi anatembea kama askofu!”

Niliketi chini palepale mlangoni. Nilicheka, mwanangu, kicheko nilichokuwa nimekinyima kanisani, mpaka bibi yako akatoka kuangalia kama nimepatwa na kitu. Nilikuwa sijajua nilivyobeba mzigo mzito mpaka uliponitoka.

Baba yako hakurudi tena kwenye chumba kile, ingawa walimwita. Anashona nyavu Mkuyuni, na vidole viwili bado havisikii, lakini kifungo cha shati anakifunga mwenyewe, mahali pake. Ukimwona saa za jioni anazunguka nyumba ya gongo kwa njia ndefu, usimcheke wala usimuulize. Anafanya kazi.

Basi sikiliza nasaha yenyewe. Ukimkuta mtu ameshikwa na pombe, au na kitu kingine chochote kitakachokuja katika siku zenu, usianze na tabia yake. Anza na siku yake: anaamkia wapi, anapata baridi gani, nani anamshikisha kikombe na amepoteza nini. Mpe kitu cha moto kwanza, ndipo uulize, na ukiuliza ungoje jibu. Mpeleke kwa watu wa tiba, usijifanye mganga. Akianguka tena usihesabu kwamba yote ya nyuma yalikuwa bure. Huruma hii isikufanye ukubali kupigwa au mtoto wako kulala njaa. Mtu anaweza kuonewa huruma ukiwa umesimama mbali naye. Na hasira usiziue. Zitunze, uzipeleke kwa anayestahili, kwa maandishi, na jina lako chini.

Mungu akupe moyo mpana kama wa bibi yako na mdomo kama wa Mama Shija. Mikono yako isikose joto, na nyumba yako isikose wa kukungoja na uji.

Na malalamiko yangu, neno kwa neno kama nilivyoyapeleka, ni haya:

Kwa Ofisa wa Kazi,
Mwanza.

YAH: WAFANYAKAZI WA CHUMBA CHA BARIDI KUPEWA POMBE BADALA YA MAKOTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mke wa kibarua wa kiwanda cha minofu. Nalalamika kwamba wanaume wanaopanga masanduku katika chumba cha baridi hawapewi makoti wala glavu, bali hupewa gongo kila zamu na msimamizi wao, na anayekataa hutishiwa kufukuzwa. Nimeliona kwa macho yangu nikiwa kazini humo. Wanarudi majumbani wakiwa walevi, na sisi wake zao tumekuwa tukiwafukuza wao.

Naomba wapewe makoti. Naomba wapewe chai ya kweli. Naomba aliyeugua kwa pombe hiyo atibiwe, asiachishwe kazi.

Mume wangu sikumleta mbele yenu, kwa kuwa si yeye ninayemlalamikia.

Wako,
Skolastika Magesa (Mama Priska)

Kiambatanisho: birika moja la aluminiamu, pamoja na kilichomo.